Manyoya ya Mbegu

Novemba iliyopita nilikuwa nyumbani, nje kidogo ya mji wa Bariadi, mvua za kwanza zikiwa zimeshalainisha udongo mweusi wa mbugani na kila mtu akihangaikia mbegu. Mpwa wangu, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita, aliingia uani ameshika kichupa cha mbolea ya maji alichouziwa mnadani. Kwenye lebo, juu ya picha ya jani la kijani kibichi, palikuwa na neno moja kubwa: NANO.

"Mjomba," akasema, "wewe si ndiye uliyesomea haya mambo? Hii nano inafanya nini hasa?"

Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba ni kitu kidogo mno, kwa hiyo kinapenya popote. Maelezo yaliishia hapo.

Nilifungua mdomo nimjibu, nikakwama. Jibu nilikuwa nalo, ila lilinichukua karibu miaka kumi kulipata, na sehemu yake kubwa niliipata kwa kuharibu kazi za miezi. Tangu jioni ile nimekuwa nikiirudia miaka hiyo kichwani, kwa sababu neno nano linaingia vijijini kwetu likiwa limebeba wazo la udogo tu. Mimi maisha yangu ya kazi nimeyatumia kwenye jambo jingine: uso wa kile kitu kidogo, na minyororo inayoweza kuoteshwa juu yake. Nataka kumjibu mpwa wangu vizuri, na siwezi kufanya hivyo bila kuanzia kwenye debe la mbegu la mama yangu.

Nilizaliwa Bariadi ikiwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Simiyu lilikuwa jina la mto. Likawa jina la mkoa mwaka 2012. Pamba lakini ilikuwa ndiyo hii hii, buluba kama tunavyoiita kwa Kisukuma, na ndiyo iliyonilipia ada hadi nikamaliza shule. Mbegu tulizopanda zilikuwa za manyoya. Kiwanda kikishachambua pamba na kutoa nyuzi ndefu, mbegu hubaki na manyoya mafupi, mazito, ya rangi ya majivu, na ukizijaza kwenye debe zinang'ang'aniana hadi zinakuwa bonge. Huwezi kuzipanda hivyo. Mayu, yaani mama yangu, alizinyunyizia maji, akazimwagia majivu ya jikoni, kisha akazisugua kwa viganja hadi kila mbegu ikajitenga na mwenzake na kuteleza mkononi kama choroko. Sisi watoto tulifuata nyuma ya jembe na mabakuli yetu, tukidondosha mbegu chache kila shimo.

Nilikuwa nimelitazama somo la kwanza la kazi yangu bila kulijua. Vitu vidogo vingi vikishikana, kuvifanya vidogo zaidi hakusaidii, kunazidisha tatizo. Dawa yake ni kuvibadilisha uso, kama Mayu alivyofanya kwa majivu.

Siku moja, nikiwa darasa la nne au la tano, nilichukua mbegu ya pamba iliyotoka kuchumwa nikaing'oa nyuzi zake zote. Nilitaka kuona kama naweza kuzirudisha. Nikaenda kukwangua gundi kwenye mgunga, nikailainisha kwa mate, nikaipaka mbegu, nikaanza kubandika. Nyuzi za mwanzo zilishika vizuri. Lakini zililala juu ya mbegu, zikajikunja, zikafunika gundi yote, na zilizofuata hazikupata pa kushika. Jua linazama, mbegu yangu ilikuwa na nyuzi labda thelathini. Ile inayotoka shambani ina zaidi ya elfu kumi.

Baadaye sana nilisoma jinsi pamba yenyewe inavyofanya, na bado nikilifikiria jambo hili linanishangaza. Kila uzi wa pamba ni seli moja ya ngozi ya mbegu iliyorefuka. Yapata seli moja kati ya nne za ngozi ile hugeuka uzi, nazo huanza kuchomoza ile siku ua linapofunguka. Kwa muda wa wiki tatu hivi zinarefuka zote kwa pamoja, hadi sentimita mbili na nusu au tatu, halafu zinaanza kujijaza selulosi kwa ndani mpaka kitumba kinapasuka. Seli zinazochelewa kuanza kwa siku kadhaa hazifiki mbali. Hizo ndizo zinazokuwa manyoya mafupi, yale ya kwenye debe la Mayu. Mbegu haibandikwi uzi hata mmoja. Kila uzi umeota pale pale ulipo, na urefu wake umeamuliwa na siku uliyoanza.

Sekondari, neno polima nilifundishwa na mwalimu aliyechora kiduara ubaoni, akakishikanisha na cha pili, na cha tatu, hadi ubao ukaisha, akaendelea kuchora ukutani. Alituambia mashati tuliyovaa ni minyororo ya namna hiyo: glukosi, sukari, zimeshikana maelfu kwa maelfu zikawa selulosi. Tulicheka, maana shati halina utamu. Sikujua wakati huo kwamba hata wakemia wakubwa wa Ulaya waliwahi kulikataa wazo hilo. Mjerumani Hermann Staudinger alipoandika mwaka 1920 kwamba vitu kama mpira ni molekuli ndefu ajabu, kila moja mnyororo mmoja, alipingwa kwa miaka. Tuzo ya Nobel alikuja kupewa mwaka 1953.

Nilipofika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wenzangu wakigundua natoka Bariadi walinitania kwa Gamboshi, kijiji chetu ambacho nchi nzima inakitaja kwa uchawi. Nilipoanza kupenda kemia ya vitu visivyoonekana kwa macho, utani ukazidi. Uliniuma kuliko nilivyoonyesha. Nilikuwa nimekua mahali ambapo kisichoonekana kina wenyewe: mganga, au muuzaji wa mnadani mwenye kipaza sauti. Nilitamani kisichoonekana kiwe na mizani na rula, na mtoto yeyote mwenye akili aweze kukiuliza maswali.

Mlimani ndipo nilipokutana na silika. Ni kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga na kioo, lakini yetu ilikuwa unga mweupe laini tuliojaza kwenye mirija mirefu kutenganisha dondoo za mimea. Mwalimu wa maabara alituambia kwamba kila punje ya unga ule imejaa vishikio kwenye uso wake, oksijeni na haidrojeni zilizoshikana mbili mbili, na kwamba mtu akijua kemia anaweza kuvitundikia kitu. Idara ile ya kemia imekuwa na watu walioifanya kazi hiyo kwa akili nyingi. Egid Mubofu na wenzake walitumia mafuta ya maganda ya korosho, kitu ambacho viwanda vingi vilikitupa, kuwa kiolezo cha kutengenezea silika yenye vitundu, wakazifunga ndani yake molekuli za kufanya kazi. Nilipozisoma kazi hizo nikiwa tayari ng'ambo, nilijisikia kama niliyesikia lugha ya kwetu kwenye kituo cha treni cha ugenini.

Hapa nirudi kwa mpwa wangu kidogo, kwa sababu jioni ile nilimchorea hesabu chini kwa kijiti. Nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chukua silika, ikate iwe vipande vya duara vyenye kipenyo cha nanometa 15. Gramu moja ya vipande hivyo ina uso wa mita za mraba 180 hivi. Gramu 22, vijiko vichache tu, zina uso wa ekari nzima. Alinitazama kama anayetaniwa. Nikamwambia arudie hesabu mwenyewe, akairudia mara mbili kwenye simu yake, akanyamaza. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuelewa kwamba ukigawa kitu kikawa kidogo namna ile, kinachobaki mkononi mwako ni shamba. Shamba nalo lina swali lake la kudumu: utapanda nini, na kwa nafasi gani?

Nilipata nafasi ya kusoma Uswidi. Baridi na giza la saa tisa mchana nitaviacha, wengine wameviandika. Mradi wangu ulikuwa kuchanganya chembe za silika ndani ya plastiki ili plastiki iwe imara zaidi. Chembe tupu hazikubali. Ukizitia kwenye plastiki iliyoyeyuka zinakimbiliana zenyewe, zinafanya madonge, kama unga uliomwagwa kwa haraka kwenye maji yanayochemka. Kila donge ni udhaifu, na plastiki inapasukia hapo. Chembe zinahitaji kuvikwa minyororo ya plastiki ile ile, ili zikiingia zikute ndugu.

Njia ya kwanza niliyoitumia ilikuwa ile ya utotoni, ya gundi ya mgunga. Nilitengeneza minyororo kwanza, mizuri, ya urefu niliotaka, kila mmoja ukiwa na ndoano mwishoni, kisha nikaichanganya na chembe ili ijishike yenyewe. Baada ya wiki nilipima. Kila chembe ilikuwa na minyororo kama 70. Nikaongeza minyororo mara tatu, nikaongeza joto, nikasubiri wiki mbili. Idadi ikabaki karibu pale pale. Niliilaumu mizani.

Kosa halikuwa la mizani. Mnyororo wa polima ukiwa peke yake haukai umenyooka, unajikunja kama kishungi cha sufi, na ukishika kwenye uso unaketi pale kama uyoga, kofia yake ikifunika eneo kubwa kuliko mguu wake. Waliotangulia wakishaketi, anayekuja hawezi kupenya hadi kwenye uso. Kuna watu walikuwa wameshaliandika jambo hili kwa hesabu: S. Alexander mwaka 1977, na Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes mwaka 1980, yule aliyepata Nobel ya fizikia mwaka 1991. Walionyesha kwamba minyororo ikiwa michache inakaa kiuyoga, ikisongamana inalazimika kunyooka kwenda juu na kuwa kama burashi. Mkulima wa mtama anajua: mabua yaliyobanana hayatawanyiki, yanakimbilia juu kutafuta mwanga. Nilikuwa nautaka msongamano huo, na kwa kubandika nisingeupata kamwe.

Kwa hiyo nilianza upya, kwa kuotesha. Unachukua chembe tupu na kuipanda molekuli ndogo inayoitwa kianzishi, yenye mguu wa kushika silika upande mmoja na atomi ya bromini upande wa pili. Kianzishi ni kidogo, hakimzuii jirani, hivyo vinaingia vingi. Kisha unaleta stairini, ambayo ndiyo tofali la ile plastiki nyepesi ya vikombe na vifungashio, na mnyororo unakua kutoka kwenye kianzishi, tofali kwa tofali, ukielekea nje.

Mbinu yenyewe ilikuwa bado changa. Mwaka 1995 Krzysztof Matyjaszewski huko Pittsburgh, Marekani, na Mitsuo Sawamoto wa Kyoto, Japani, kila mmoja na kundi lake, walionyesha namna ya kuifuga miitikio hii, ambayo kwa kawaida inakwenda mbio na ovyo. Kwa Matyjaszewski mfugaji ni shaba. Nimewahi kuwaeleza wanafunzi hivi: ng'ombe mia wakiachiwa waingie lamboni kwa mkupuo wanakanyagana na maji yanageuka tope. Mchungaji anayejua kazi anaingiza wachache, wanakunywa kidogo, anawatoa, anaingiza wengine, hadi jioni wote wamekunywa sawasawa. Shaba inafanya hivyo kwa minyororo. Inauondolea mnyororo mmoja bromini yake, mnyororo unaamka na kuongeza matofali machache, shaba inairudisha bromini, mnyororo unalala. Wakati wowote ule, karibu minyororo yote imelala. Ndiyo maana inakua kwa usawa, na ndiyo maana ncha mbili zilizo macho hazikutani mara kwa mara na kuuana.

Hazikutani mara kwa mara. Neno hilo nililipuuza. Chupa yangu ya kwanza niliiacha usiku kucha, nikiamini muda mrefu utanipa minyororo mirefu. Asubuhi niliikuta imeganda. Kile kijisumaku cha kukorogea kilikuwa kimekwama katikati ya kitu kama jeli ngumu, na hakuna kiyeyushi kilichokifaa. Niliosha kwa toluini, nikachemsha, nikaomba. Baadaye mwenzangu wa maabara, kwa upole ambao sijausahau, alinikalisha akanieleza. Mnyororo mmoja huru ukikutana na mwenzake na kufungana, umepoteza miwili tu. Lakini chembe yenye mamia ya minyororo ikifungana na jirani kwa mnyororo mmoja tu, chembe mbili zimekuwa moja, na ya tatu ikifungana nazo, na ya nne, chupa nzima inakuwa molekuli moja. Kinachovumilika kwa mmoja mmoja, kikiwa juu ya chembe yenye mikono mingi kinaharibu vyote. Kuanzia hapo nilijifunza kuzimua zaidi, na kusimamisha kazi ikiwa bado inakwenda vizuri, stairini nyingi ikiwa haijatumika. Kuiacha stairini nzuri ndani ya chupa kulinichoma moyo. Nimelelewa na watu wasioacha pamba shambani.

Chupa zilizofuata zilikufa kwa oksijeni. Hewa kidogo iliyojificha ndani ya maji ya mwitikio inatosha kuzima kila kitu. Unagandisha chupa kwa naitrojeni kimiminika, unavuta hewa kwa pampu, unayeyusha, mapovu yanatoka. Unarudia mara tatu. Ijumaa moja nilirudia mara mbili. Jumatatu hakukuwa na kitu.

Lakini kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote ni kile ambacho hakuna picha yake nzuri ya kuonyesha watu: kupanda vianzishi. Unyevu kidogo ukiingia, vianzishi vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe badala ya kushika silika. Sehemu moja ya uso inapata vingi, nyingine haipati kitu, na vingine vinachelewa kuamka. Minyororo ikikua juu ya uso wa namna hiyo, unapata michache mirefu na mingi mifupi. Siku niliyoiona chati ya urefu wa minyororo kwa mara ya kwanza, ina vilima viwili badala ya kimoja, nilijua mara moja ni nini. Ni nyuzi ndefu na manyoya. Ni mbegu ile. Waliochelewa kuanza.

Nilikaa miezi minne nikiandaa uso tu, bila kuotesha mnyororo hata mmoja. Katika mikutano ya kila wiki wenzangu walionyesha polima zao na mimi nikaonyesha unga mweupe. Sijutii miezi hiyo. Nikiulizwa leo ni sehemu gani ya kazi hii ninayoweza kuiapia, ni hiyo.

Kisha ikakubali. Unapima kwa kuchoma: unachukua miligramu chache, unazipandisha joto huku mizani ikisoma, plastiki inaungua na silika inabaki. Zangu zilipoteza karibu asilimia 70 ya uzito wao. Hesabu ikasema kila chembe ina minyororo yapata 350, kila mnyororo una matofali karibu 150. Nilipozitia kwenye kiyeyushi hazikutuama. Chupa ilibaki angavu, na ilibaki hivyo wiki nzima, na kila nilipopita mezani niliinyanyua kuitazama. Karibu na uso minyororo ile imebanana na kunyooka. Ikisogea nje inapata nafasi, kwa kuwa chembe ni duara, na ncha zake zinalegea na kujikunja tena. Hali hiyo inahesabiwa kwa njia iliyotolewa mwaka 1982 na watafiti wawili wa Ufaransa kwa ajili ya polima zenye umbo la nyota, Daoud na Cotton. Jina la huyo wa pili kwa Kiingereza maana yake ni pamba. Nililisoma usiku mmoja maktabani, na nakiri nilitokwa machozi kwa kukumbuka nyumbani.

Kulikuwa na hatua moja niliyoiogopa. Ili ujue urefu wa minyororo lazima uikate kutoka kwenye chembe, na njia iliyotumika ilikuwa kuiyeyusha silika yenyewe kwa asidi ya haidrofloriki. Asidi hiyo inakula kioo. Ikigusa ngozi inapenya, inatafuta kalsiamu ya mwili hadi mfupani. Tulivaa glavu mbili mbili na kuweka dawa ya kupaka yenye kalsiamu kando yetu kabla ya kufungua chupa. Mara ya kwanza nilipoishika niliwafikiria watu wa Meatu, mkoani kwetu. Florini ile ile, ikiwa floraidi kwenye maji ya baadhi ya visima vya huko, kwa kiasi kidogo kidogo na kwa miaka, inayafanya meno ya watoto kuwa ya kahawia, na ikizidi sana inaikamata mifupa. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Nilikuwa na mjomba aliyeoa Meatu, na binamu zangu walikuwa wakicheka wamefunika midomo kwa viganja. Utotoni nilidhani ni adabu.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na sababu nyingine ya kujali uso. Chembe inaweza kuvikwa minyororo ya kuifanya iingie kwenye plastiki. Inaweza pia kuvikwa minyororo yenye vishikio vya kukamata kitu ndani ya maji, metali nzito au floraidi, na msongamano wa minyororo ndio wingi wa mikono. Mtanzania aliyelifikisha neno nano kwenye ndoo za maji majumbani ni Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha. Alikulia Gongali, Karatu, kwenye maji mabaya, akaunganisha kichujio cha mchanga na vitu vya nano vinavyochaguliwa kufuatana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya kwanza ya uhandisi kwa Afrika iliyotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Ninachokipenda katika kazi yake ni hicho cha kuchagua kufuatana na mahali. Anaanza kwa kuyauliza maji yana nini.

Mwaka wangu wa mwisho Uswidi nilipewa makala ya kusoma ya Anna Carlmark na Eva Malmström wa Stockholm, iliyotoka mwaka 2002. Walikuwa wameotesha minyororo ya polima kutoka kwenye karatasi ya kuchujia, ile ya kawaida ya maabara, kwa kupanda vianzishi kwenye selulosi yake. Karatasi iliyokuwa ikinywa maji ikawa inayakataa, tone likiketi juu yake kama kwenye jani la yungiyungi. Nikauliza karatasi hiyo inatengenezwa kwa nini. Kwa nyuzi fupi za pamba, nikajibiwa, yale manyoya yanayobaki kwenye mbegu. Karatasi niliyokuwa nikiikunja kila siku kwa miaka ilitoka kwenye debe la Mayu, au debe kama lake. Niliomba ruhusa nikatoka nje kutembea.

Nilirudi kufundisha Kanda ya Ziwa. Naitrojeni kimiminika haikuwepo, umeme ulikatika katikati ya miitikio, na nilipoteza mwaka mmoja nikisikitika. Kilichonitoa hapo ni vitu viwili. Kwanza, pumba za mpunga. Ziko milima kwa milima kwenye mashine za kukoboa huku kwetu, watu wanachomea matofali. Pumba zikiungua vizuri, kama moja ya tano ya uzito wake inabaki majivu, na majivu hayo karibu yote ni silika. Pili, ni mbinu ambayo kundi la Matyjaszewski liliifikia katikati ya miaka ya 2000: shaba kidogo mno, pamoja na kitu cha kuirudishia nguvu kila inapochoka, na oksijeni kidogo ikiingia inamezwa badala ya kuua kazi. Kitu hicho kinaweza kuwa asidi ya askobiki, yaani vitamini C. Nilinunua vidonge dukani kwanza, vikanisumbua kwa sababu ya vikolezo vyake, kisha nikapata iliyo safi. Minyororo iliota. Haikuwa mizuri kama ya Uswidi, vilima viwili vilirudi kwenye chati. Lakini chembe zilikuwa majivu ya pumba zetu.

Na mwaka jana nikaanza kazi ya pamba. Njia ni ya zamani: Bengt Rånby, huko Uppsala, mwishoni mwa miaka ya 1940 alionyesha kwamba asidi ya salfuriki inakula sehemu legevu za selulosi na kuacha vijiti vidogo vigumu vinavyoelea kwenye maji. Kwa pamba, vijiti hivyo vina upana wa nanometa chache na urefu wa nanometa mia moja, mia mbili. Vina uso, vina vishikio, vinapandika vianzishi. Nilipata mfuko wa manyoya ya mbegu, nikayasafisha, nikayalisha asidi ya asilimia 64 kwa dakika 45, nikaosha kwa siku kadhaa. Nikapata chupa ya maji meupe kidogo, kama yaliyosuuzia bakuli la maziwa.

Hiyo chupa ndiyo niliyokuwa nayo kwenye mkoba Novemba. Nilipokwama kumjibu mpwa wangu, nilimwambia alete vikokotozi viwili vibovu vya shule. Tukavibandua ile filamu nyembamba ya juu ya kioo, moja kila kimoja. Filamu hizo zinapitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, ukizipishanisha, giza. Nikamwambia azishike hivyo, zimepishana, mbele ya taa, na mimi nikaiweka chupa katikati yake na kuitikisa.

Vijiti vikitiririka vinalala upande mmoja, na vinaugeuza mwanga. Ndani ya lile giza yakapita mawimbi meupe, yakajikunja, yakatulia, yakazimika. Mpwa wangu alisema, "Tikisa tena." Nikatikisa. Nikamwambia yale ni manyoya ya mbegu, na kwamba kwenye kila kijiti nitaotesha minyororo, na kwamba kazi yote itategemea nitakavyokiandaa kijiti kabla ya mnyororo wa kwanza. Kuhusu kichupa chake, nikamwambia arudi mnadani na maswali: chembe zake ni za nini, zimevikwa nini, zinaachia mbolea kwa kasi gani, na nani alipima. Aliyaandika kwenye mkono kwa kalamu ya wino.

Mayu alikuwa amekaa kwenye kigoda, anazisugua mbegu za msimu. Miaka imepita lakini majivu ni yale yale. Akauliza tunatazama nini gizani. Nilimsogezea filamu, nikamshikia karibu na macho, maana hayaoni vizuri sasa, nikamweka chupa mkononi.

"Hii nayo ni nini, mwanangu?"

"Ni buluba, Mayu."

Akaifuta mikono kwenye kanga kwanza. Kisha akaitikisa mwenyewe, mara moja, na akanyamaza akitazama hadi mawimbi yakaisha, akaitikisa tena.